Fundi Anataka Kushusha Volti ya Prosesa Yako: Umpe Kompyuta au Umwambie Asubiri?

Somo la leo ni la kiufundi kidogo, lakini linagusa mfuko, kwa hiyo usilipite. Chukua kikombe chako cha chai, soma taratibu.

Kuna swali linanijia kila msimu wa kukatika umeme, na kwa kawaida linakuja hivi: "Fundi kaniambia anaweza kuifungua kompyuta yangu, ashushe volti ya prosesa, ile umeme kidogo, betri inikae usiku mzima. Nimpe?" Wengine wameshaona video za vijana wanaobandika waya mwembamba kama unywele kwenye pini za prosesa, kompyuta inawaka na haipati moto tena. Inavutia, na uongo si. Kinachotakiwa ni kujua kama wewe, na kompyuta hiyo uliyonayo, utapata faida yoyote.

Kwanza tukumbushane kwa nini sisi wa Unguja tunalichukulia suala hili kwa uzito kuliko wengine. Umeme wetu unapita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Fumba. Waya wa kwanza ulitandikwa mwaka 1980, uwezo wake megawati 45. Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima na ulirudi Juni, karibu mwezi mzima. Halafu Desemba 2009 ukakatika tena hadi Machi 2010, miezi mitatu. Waliokuwa watu wazima wanakumbuka: jenereta kila kichochoro cha Mji Mkongwe, na maji shida, maana pampu nazo zinakula umeme. Mwaka 2013 ukaja waya mpya wa megawati 100 kwa fedha za Marekani, na hali ikawa afadhali sana. Sasa tunakatiwa saa mbili, saa nne, siku moja moja.

Lakini angalia biashara ilivyobadilika. Mwenye duka Darajani akikatiwa umeme anawasha taa ya chaji anaendelea kupima kitambaa. Wewe unayeuza mtandaoni duka lako ndiyo hiyo skrini. Mfungo ishirini na tano, mteja wa Dar anataka kanzu tatu zifike kabla ya sikukuu, mwingine yuko Maskati anataka kofia na udi, boti inaondoka Malindi asubuhi, na orodha ya nani kalipa na nani bado imo ndani ya kompyuta iliyozima. Simu inasaidia, sawa, lakini mwenye oda sitini hawezi kuzipanga kwenye kioo cha simu bila kumpelekea mtu mzigo wa mwenzake.

Haya, tuingie kwenye volti yenyewe.

Prosesa ni swichi ndogo ndogo, mamilioni kwa mabilioni. Chukulia kila swichi ni kikombe. Kila mara inapofanya kazi, kikombe kinajazwa umeme, kisha kinamwagwa. Volti ni kimo cha kujazia. Ukishusha kimo, kinaingia kidogo zaidi kwenye kila kikombe, na nguvu ya kukisukuma kuingia nayo inakuwa ndogo zaidi. Unapunguza mara mbili kwa mkato mmoja. Ndiyo maana mafundi wanasema ulaji wa umeme unakwenda kwa volti mara volti, kisha mara kasi.

Kwa hesabu: prosesa iliyokuwa kwenye volti 1.10 ukiishusha hadi 0.99, umepunguza asilimia 10 tu ya volti. Lakini 0.9 mara 0.9 ni 0.81. Umeme unaoliwa na kujaza na kumwaga umepungua asilimia 19, na kasi hujaigusa kabisa. Kompyuta inafanya kazi ileile, haraka ileile, kwa moto mdogo. Hii ndiyo sababu watu wanaipenda.

Sasa utauliza, kama ni rahisi hivyo, kiwanda kwa nini hakikufanya? Kwa sababu kiwanda kinashona kanzu za kununua tayari. Prosesa mbili za jina moja hazilingani: moja inatosheka na volti ndogo, ya pili inataka zaidi. Kiwanda hakina muda wa kupima kila moja kifuani na mabegani. Kinaweka kipimo kikubwa kitakachomtosha hata yule mnene, tena kinaacha nafasi ya joto na ya uzee. Ikiwa yako ni ile nyembamba, kitambaa kinabaki, na hicho ndicho fundi anachotaka kukata.

Kuna njia mbili za kukikata kwa mkono.

Ya kwanza ni ya pini. Prosesa za zamani zilizochomekwa kwenye soketi zilikuwa na pini chache zenye kazi moja tu: kuiambia bodi "nipe volti kadhaa". Chukua Pentium M, iliyokuwa ndani ya laptopu nyingi za miaka ya 2003 hadi 2006. Ilikuwa na pini sita za namna hiyo. Kila pini inasema 0 au 1, na thamani zake ni 1, 2, 4, 8, 16 na 32, kwa hiyo zote pamoja zinatoa namba kuanzia 0 hadi 63. Namba 0 maana yake volti 1.708. Kila namba moja ukipanda, volti inashuka 0.016, mpaka 63 ambayo ni volti 0.700. Watundu wakaona: mbona bodi haijui anayezungumza ni nani? Ukiibadilisha ile sauti njiani, kwa kuziba pini moja isiguse au kuiunganisha na jirani yake, bodi itatoa volti nyingine bila kuuliza. Pini ya thamani ya 4 ikisomeka 1 badala ya 0, volti imeshuka 0.064.

Lakini pini ileile ikisomeka kinyume, volti inapanda 0.064. Na fundi akikosea jirani, akaigusa ile ya 32, ni zaidi ya nusu volti kwenda juu au kwenda chini. Ikienda chini kompyuta haiwaki, unaondoa waya, basi. Ikienda juu sina la kukwambia.

Njia ya pili ni ya rezista, na hii inatumika kwenye bodi ndogo ambazo prosesa yake imelehemiwa moja kwa moja, pini hazionekani. Kwenye bodi kuna kidhibiti kinachotengeneza volti ya prosesa, na mara nyingi kinajipima kwa rezista mbili, ya juu na ya chini. Kanuni yake: volti inayotoka ni volti ya kipimo, mara moja jumlisha ya juu gawanya kwa ya chini. Kama kipimo ni 0.6 na rezista zote mbili ni kilo-omu 10, inatoka 0.6 mara 2, yaani 1.2. Fundi akipachika rezista ya kilo-omu 100 ubavuni mwa ile ya juu, ya juu inakuwa kama kilo-omu 9.09, na volti inashuka hadi kama 1.145. Ni punje ya rezista, ya bei ndogo kuliko andazi, na umeme wa prosesa umepungua karibu asilimia 9. Akiipachika punje hiyohiyo ubavuni mwa ile ya chini, volti inapanda hadi 1.26. Rezista hizo ziko milimita mbili mbali na zimefanana kama mapacha. Kwa hiyo fundi asiye na mchoro wa bodi yako, au asiyeanza kwa kupima kwa mita, usimwachie.

Sasa tufike kwenye wenzetu wenye kompyuta za kula umeme kidogo, maana wao ndio wanaouliza zaidi. Vile viboksi vidogo na zile laptopu ndogo zenye prosesa ya Atom zilizoletwa kwa wingi kama mtumba. Watu wanafikiri kwa kuwa ni kompyuta ya umeme mdogo, kuishusha volti kutaifanya iwe ya umeme mdogo zaidi. Hapa nataka usome polepole.

Mwaka 2008 Intel walitoa bodi ndogo inayoitwa D945GCLF, ikiwa na prosesa ya Atom 230 imelehemiwa juu yake. Prosesa ile imepangiwa wati 4. Wati nne tu! Lakini pembeni yake kuna chipu ya kuiunganisha na memori na skrini, ya aina ya 945GC, na hiyo imepangiwa wati 22. Ukiiangalia bodi ile utacheka: feni haiko juu ya prosesa, iko juu ya ile chipu ya pembeni. Prosesa ina kipande kidogo cha bati kisicho na feni, imetulia zake.

Sasa tupige hesabu ya kibiashara. Fundi ameshusha volti ya Atom hiyo kwa asilimia 10. Ameokoa asilimia 19 ya wati 4, yaani kama wati 0.76, tena pale tu prosesa inapofanya kazi kwa nguvu zote. Tuseme kiboksi kizima kinavuta wati 30. Sasa kinavuta 29.24. Betri yako ya volti 12, saa-ampea 7, ina wati-saa 84 kwenye karatasi, na ukitaka isife mapema usiitumie zaidi ya nusu, yaani 42. Kabla ya kazi ya fundi ungepata dakika 84. Baada ya kazi ya fundi unapata dakika 86.

Dakika mbili. Umelipa, umehatarisha bodi, umekaa siku mbili bila kompyuta. Na hapo sijahesabu skrini ya mezani, ambayo peke yake inaweza kula kama kiboksi chenyewe.

Laptopu ndogo zenye Atom N270 ni hadithi ileile. Prosesa imepangiwa wati 2.5. Hakuna nyama ya kukata pale. Mwenye mashine hiyo ashushe mwanga wa skrini, afunge kurasa anazoziacha wazi tangu asubuhi, na aondoe diski ya zamani inayozunguka aweke ya SSD kama mashine inaikubali. Kila moja kati ya hizo ina faida kuliko waya kwenye pini.

Kwa hiyo nani anafaidika? Yule mwenye laptopu yenye prosesa kubwa, anayeifanyisha kazi nzito. Prosesa kama i5-4300M imepangiwa wati 37. Asilimia 19 ya hizo ni wati 7. Ikiwa wewe unahariri video za bidhaa au unasafisha picha mia mbili za kanga kwa mkupuo, na laptopu nzima inavuta wati 45 wakati huo, itashuka hadi 38. Kwa betri yetu ileile ya wati-saa 42, dakika 56 zinakuwa 66. Dakika kumi si haba mtu akiwa anakimbilia boti. Lakini mashine hiyohiyo ukiwa unaandika majina ya wateja tu, prosesa inasinzia, labda inakula wati 2, na faida inakuwa kiduchu. Kushusha volti kunamlipa mwenye kazi nzito. Anayejibu ujumbe hatauona.

Na huyo mwenye prosesa kubwa, habari njema ni kwamba huenda hahitaji fundi wala waya. Laptopu za Intel za kizazi cha nne, zilizoanza mwaka 2013, na vizazi vichache vilivyofuata, nyingi zinaruhusu kushusha volti kwa programu. Inayojulikana zaidi ni ThrottleStop, ya bure. Unashusha hatua ndogo ndogo, ukikosea mashine inaganda, unaizima, inarudi kama ilivyokuwa. Usiiamuru programu ijiwashe pamoja na Windows mpaka uwe umejaribu vya kutosha, ili kosa lisijirudie kila ukiwasha.

Nimesema nyingi, sikusema zote. Laptopu za kizazi cha pili na cha tatu, ambazo ndizo zimejaa madukani kwa bei nafuu, kwa kawaida mlango huo umefungwa tangu kiwandani. Na Desemba 2019 watafiti wa vyuo vya Birmingham, Graz na Leuven walitangaza udhaifu walioupa jina Plundervolt: walionyesha kwamba mtu mbaya aliyekwisha kuidhibiti kompyuta yako anaweza kuitumia njia ya kushusha volti kuifanya prosesa ikosee hesabu kwa makusudi, akapata siri zilizofichwa ndani. Baada ya hapo Intel na watengenezaji wakatoa masasisho ya BIOS yanayoufunga mlango. Kwa hiyo ukiona kitelezi cha programu hakisogei, au kinasogea lakini hakuna kinachobadilika, mashine yako imefungwa. Kuna watu wanarudisha BIOS ya zamani ili waufungue. Mimi sishauri hilo kwa mtu anayefungua akaunti za malipo ya wateja kwenye kompyuta hiyohiyo.

Iko njia moja ambayo karibu kila mtu anaweza, na inanishangaza haizungumzwi. Tangu Januari 2000, Intel walipoleta SpeedStep kwenye Pentium III za laptopu, prosesa zinajishusha volti zenyewe kila kasi inapopungua. Zile za kwanza zilishuka kutoka megahezi 650 hadi 500, na volti ikashuka pamoja nayo kutoka 1.6 hadi 1.35. Ukipiga hesabu yetu ya volti mara volti mara kasi, unapata ulaji wa kama asilimia 55 ya ule wa mwanzo, kwa kupoteza chini ya robo ya kasi. Mpaka leo mashine zinafanya hivyo. Kwa hiyo ukiikataza prosesa kukimbia kasi ya juu kabisa, umeishusha volti kwa kupitia mlango wa nyuma, na kiwanda chenyewe kimeidhinisha.

Kwenye Windows nenda kwenye mipango ya umeme, ingia kwenye mipangilio ya ndani, tafuta palipoandikwa Maximum processor state, upande wa betri weka asilimia 99. Usicheke kwamba ni asilimia moja tu. Kwenye laptopu nyingi za Intel asilimia hiyo moja inazima ile kasi ya ziada ya Turbo, na Turbo ndiyo inayoomba volti kubwa kuliko zote. Ukitaka zaidi weka 80 au 70. Excel na WhatsApp hazitajua tofauti. Video ya bidhaa itachelewa kutoka, ndiyo, lakini hiyo isubiri umeme urudi.

Wachache wenye Raspberry Pi wanaoitumia kutunzia hesabu za stoo, nanyi hamhitaji chuma cha kulehemu: kuna faili la config.txt, mstari wa over_voltage, unaweka namba hasi. Kila namba moja ni hatua ya volti 0.025. Anza na -1, jaribu, endelea.

Sasa hatari yenyewe, maana watu wanaiogopa isiyo sahihi. Volti ikishuka mno haiunguzi prosesa. Inaifanya ikosee. Swichi haijai vizuri, ilipotakiwa kusoma 1 inasoma 0. Mara nyingi mashine inaganda au skrini inakuwa ya buluu, na hapo unashukuru, kwa sababu umejua. Ubaya ni kosa la kimya: faili la oda linahifadhiwa likiwa limeharibika, picha inatoka na mistari, fungu la mafaili uliyoyabana halifunguki tena. Mfanyabiashara anaweza kugundua wiki mbili baadaye, wakati mteja anadai alishalipa na wewe huna pa kuangalia.

Kwa hiyo ukishusha, kwa waya au kwa programu, fanya hivi. Nakili mafaili yako yote nje ya kompyuta kabla ya kuanza. Shusha kidogo, kama volti 0.01 kwa kila hatua. Kila hatua iendeshe Prime95 nusu saa, hiyo inaipa prosesa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana na inapiga kelele ikikosea. Ukifika inapokosea, rudi juu hatua mbili au tatu, usirudi moja. Jaribu mchana wa kaskazi, chumba kikiwa na joto; mashine iliyofaulu saa kumi alfajiri kwenye baridi ya Julai inaweza kushindwa Februari. Kisha itumie kwa kazi za kawaida wiki nzima kabla hujaiamini. Na majaribio haya ni ya mfungo mosi au mfungo pili, wateja wakiwa wamepumzika. Kumi la mwisho la Ramadhani hata Windows usiisasishe.

Kabla hata ya hayo, ifungue laptopu itolewe vumbi na ibadilishwe ile pesti ya kupitishia joto iliyokauka. Mashine za mtumba zinakuja na vumbi la nchi nyingine, juu yake la kwetu, na unyevu wa pwani unaligandisha kama udongo. Feni inazunguka kwa nguvu zote muda wote, nayo inakula umeme. Wengi waliotaka kushushiwa volti kwa sababu ya joto, tatizo lao liliishia hapo.

Na angalia njia ambayo umeme unapita. Wengi wanatoa umeme wa betri ya volti 12, wanaupandisha kwa inveta kuwa volti 230, kisha chaja ya laptopu inaushusha tena kuwa volti 19. Unapanda ghorofa ya tano ili ushuke ya pili. Tuseme safari hiyo inapoteza robo: wati-saa zako 42 zinabaki 31 na nusu, na laptopu ya wati 20 inakupa kama saa moja na dakika 34. Nunua chaja ya laptopu ya kuchomeka kwenye gari, inayotoka volti 12 moja kwa moja. Tuseme inapoteza sehemu moja ya kumi: unapata saa moja na dakika 53. Ni dakika karibu ishirini, bila kugusa prosesa. Wenye viboksi vinavyotumia volti 12, msikiunganishe na betri hivihivi kwa sababu namba zinafanana. Betri ya asidi ikiwa inachajiwa inafika volti 14.4. Wekeni kidhibiti cha volti 12 katikati.

Basi ikiwa umesoma yote haya, una laptopu yenye prosesa kubwa ya zamani ya kuchomeka, umeshasafisha vumbi, umeshajaribu mipangilio ya Windows, na bado unataka kumpa fundi, mwulize mambo haya mezani kwake. Ana mchoro wa bodi hiyo hasa, au anakumbuka ya laptopu nyingine? Atakupimia volti mbele yako kabla na baada? Kazi ikishindikana, ataweza kuirudisha ilivyokuwa? Alama za kulehemu atazifunika kwa dawa ya kukinga unyevu? Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sisi wa kisiwani. Hewa ya chumvi ya Malindi na Shangani inakula shaba iliyoachwa wazi, na waya mwembamba unaweza kukatika ndani kwa ndani bila kuonekana. Waya uliokuwa ukishusha volti ukikatika, volti inarudi ya kiwandani, si mbaya. Lakini kutu ikiunganisha pini mbili zisizohusiana, hujui bodi itasikia namba gani.

Akimaliza, mwambie aandike kwenye karatasi volti ya zamani, volti mpya, pini au rezista aliyoigusa, na tarehe. Ibandike chini ya kompyuta kwa selotepu, kwa ajili ya fundi mwingine atakayeifungua siku nyingine.